Inyamanza kwenye Lori la Babu

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa haogopi kitu, na mkewe, nyogokuru wangu, aliogopa kila kitu kwa niaba yake. Babu alipiga mluzi jua likizama. Alikata kucha usiku. Alianza safari hata kama amejikwaa mlangoni kwa mguu wa kushoto, na nyogokuru akamfuata nyuma akinung'unika na kutema mate pembeni, kama mtu anayefagia uchafu wa mwenziwe. Mama yangu, Domitila, alikuwa ameolewa Magara, na mimi nililelewa na hao wawili pale Rumonge, karibu na ufuo wa ziwa, kwenye nyumba iliyonuka mawese na mafuta ya gari.

Babu alikuwa shofa, dereva wa lori. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Uvira, na akiwa kijana Wabelgiji walimchukua kwenda vitani Habeshi. Huko ndiko alikojifunza kuendesha. Alirudi na kabuti zito la kijeshi ambalo joto la Rumonge halikumruhusu kulivaa, na hadithi za ngamia, tope na baridi. Nilizipenda mno. Lakini zote zilikuwa na mwisho mmoja: lori likishafika mbele, kwenye mapigano, Babu alikatisha, akaomba maji ya kunywa. Lori lilirudi na mzigo gani, hakuwahi kusema.

Alikuwa na tabia moja iliyochekesha majirani. Kila akitoka Bujumbura, kabla hajala, alilirudisha lori kinyumenyume mpaka ukingoni mwa ziwa, akapanda nyuma na kusugua karoseri, pale panapokaa mzigo, kwa mchanga na brashi. Hata kama alibeba madumu ya mawese tu, au magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alisugua mbao zile mpaka zikawa nyeupe.

"Huyu ameoa kamiyo," nyogokuru alisema. "Mimi niko mupishi tu."

Mwaka wa uhuru lori hilohilo lilipambwa kwa makuti ya michikichi, likajaa watu mpaka juu ya kabini, likaenda mjini. Nilikuwa mchanga, mgongoni mwa mama. Nimesimuliwa mara nyingi hivi kwamba nakaribia kuapa kuwa nakumbuka ngoma. Wanasema Babu alipiga honi njia nzima, toka Rumonge mpaka Kabezi, na kwamba jioni ile tu hakuosha karoseri. Alisema acha makuti yalale humo.

Sasa nifike kwenye ndege.

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa Aprili. Babu alishikwa na malaria mbaya, na lori likasimama mbele ya nyumba kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi kutokea. Homa ilipopungua alitoka nje akiwa na macho ya njano, akafungua boneti aangalie maji, akacheka. Pembeni mwa betri palikuwa na kiota kizuri cha nyasi na manyoya ya kuku, na juu yake inyamanza amelalia mayai.

Ni ndege mdogo, mweusi na mweupe, hutembea uani akitikisa mkia na hajali watu. Kwa Warundi huyo si ndege wa kuchezea. Humuui. Ukivunja kiota chake, na nyumba yako itavunjika, watoto wako watawanyike. Nyogokuru alitoka jikoni mbio na mikono yenye unga.

"Yampayinka we! Baba Domitila, usimuguse!"

"Mama Domitila, hii ni mashini. Si kanisa."

"Mashini au si mashini, utaiwasha ukinizika kwanza."

Tajiri mwenye lori, Mzee Salum, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka Omani, alikuja mwenyewe kuuliza mawese yake yataondoka lini. Aliposikia habari ya ndege alishika kichwa. Nyogokuru alisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni. Babu akasema kesho. Kesho yake akasema kesho tena, mwili bado hauna nguvu. Mimi sikuamini, maana nilimwona akila vizuri. Nadhani alikuwa anaona raha kumtazama mkewe akilinda gari.

Kisha mambo yakaharibika. Watu wenye mapanga walitokea upande wa kusini, wakaua, wakachoma. Tulilala kwenye michikichi, nyogokuru akiniziba mdomo ingawa sikulia. Baadaye wakaja wanajeshi, na kuja kwao hakukumaliza kitu. Walianza kuchukua watu. Mwalimu alichukuliwa darasani. Muuza duka alichukuliwa na funguo zake mfukoni. Siku zile hakuna aliyekaa chini vizuri. Mtu alikula amesimama, akisikiliza barabara.

Barabarani yalipita malori. Yote yalifunikwa turubai, na turubai ilikuwa imefungwa kamba vizuri mno kwa joto lile. Babu alisimama mlangoni akiyatazama. Hakupiga mluzi tena. Nilimshika mkono nikakuta umelowa jasho, nikadhani homa imerudi.

"Wanabeba nini, Babu?"

Akaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo mimi, pamoja na utoto wangu wote, nilipojua kwamba ni maiti, za hapa na za kule Habeshi.

Malori hayakutosha. Habari zikafika kwamba wanajeshi wanazunguka nyumba hadi nyumba wakitafuta gari na shofa wake. Asubuhi moja Babu alifungua boneti taratibu, inyamanza akabaki amelala, naye akaingiza mkono chini kidogo ya kiota na kuchomoa kidude cheusi kinachotosha kwenye ngumi. Kidude hicho ndicho kinachogawa moto kwenye injini. Bila hicho gari litakohoa tu mpaka betri ife. Alikileta jikoni, akafunua chungu cha mawese, akakidumbukiza. Mafuta mekundu yakajifunga juu yake.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, kwa heshima, kama mtu mzima. "Haukuona kitu."

"Sikuona, Babu."

Walikuja kabla ya mchana: mkubwa wao mmoja, na askari wachache. Mmoja wa askari hao alikuwa kijana sana, kofia imemzidi. Babu aliwapokea kwa "Amahoro" na kusimama wima kama askari wa zamani. Mkubwa alitaka lori na alitaka shofa, sasa hivi.

"Kamiyo iko pani, haiwaki, Shefu," Babu alisema. "Na mimi niko mugonjwa. Lakini angalieni wenyewe."

Alifungua boneti, kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Hakumwita mkubwa. Alimwita yule kijana.

"Mwanangu, karibia. Wewe unatoka milimani, utaniambia hii ni nini."

Kijana akainama, na papo hapo akarudi nyuma.

"Shefu, ni inyamanza. Iko na mayai."

"Itoe."

Kijana hakusogea. Mkubwa akamwambia tena, kwa sauti ya kutisha, na kijana akajibu kwa kigugumizi kwamba mama yake bado anaishi, na wadogo zake. Mkubwa alitukana, akapanda mwenyewe kwenye kabini, akawasha. Injini ikakohoa. Inyamanza akaruka, akatua juu ya paa la kabini, pale juu ya kioo, akatikisa mkia. Mkubwa akawasha tena na tena. Lori likakohoa mpaka sauti ikafifia kabisa, na askari wote walikuwa wamesogea mbali nalo, hata wale waliokuwa wamemcheka kijana.

"Hii kamiyo iko na mwiko, Shefu," kijana alisema. "Tuende. Tutapata ingine."

Mkubwa alishuka, akampiga Babu kofi hadi akaanguka, akaondoka. Nyogokuru alimwinua.

Ingine waliipata kwa Fabiani, jirani yetu, shofa kama Babu, aliyekunywa naye pombe kila Jumapili. Walimchukua na lori lake.

Fabiani alirudi baada ya siku kadhaa. Hakuingia nyumbani kwake. Alipeleka lori moja kwa moja ukingoni mwa ziwa, akakaa ndani ya kabini mikono juu ya usukani. Babu alipomwona alichukua brashi yake na ndoo ya mchanga, akashuka ufuoni bila kuaga. Walisugua pamoja mpaka jioni. Nyogokuru alinikataza kuwasogelea, nami nilitii, lakini kutoka uani nilimwona babu yangu akisimama kila mara, akimshika Fabiani bega, kisha wanaendelea. Mwaka huo haukuisha Fabiani akazikwa. Walisema ni pombe.

Vifaranga waliruka. Babu alikitoa kidude chunguni na kukirudisha mahali pake, na kwa muda mrefu lori lilinuka mawese kila lilipopata moto. Nyogokuru aliwasimulia wote waliobaki kwamba inyamanza ameokoa nyumba, na kwamba mume wake mbishi sasa amenyooka. Babu hakumpinga. Watu walimtania: mwanajeshi wa Habeshi, kashindwa na ndege! Naye alicheka pamoja nao. Hata nyogokuru alizeeka bila kujua kilichokuwa ndani ya chungu chake.

Nilipokuwa mwanamke mwenye watoto, nilimuuliza. Tulikuwa peke yetu, anamenya karanga.

"Babu, kidude kilitosha. Gari lisingewaka. Kwa nini ulimwonyesha yule kijana ndege? Kwani uliamini?"

Alimenya karanga nyingine, akanipa mimi.

"Mama, gari ikikataa, wangeniweka kwenye gari ingine niendeshe. Ilibidi waogope, waondoke. Lakini si hiyo tu. Yule mutoto hakutaka. Nilimuona machoni tangu mulangoni. Alikuwa anatafuta kitu cha kumukataza."

Akaweka karanga chini. Nilidhani ataomba maji, nikainuka kuyafuata.

"Keti," alisema. "Mimi pia nilisimama mbele ya kamiyo, kule Habeshi, na umuri ule ule. Waliniambia pakia, nikapakia. Hakukuwa na ndege."

Nimeishi na maneno hayo muda mrefu sasa. Nilikuwa nikijiuliza nani kati yao alikuwa na haki, nyogokuru na mwiko wake au Babu na ujanja wake, na swali hilo limenitoka. Namfikiria zaidi yule kijana mwenye kofia kubwa, alienda wapi jioni ile, na kama lori la Fabiani alilipakia yeye. Inyamanza wakija uani kwangu, siwafukuzi. Wajukuu wangu hunicheka. Nawaambia, waacheni wajenge popote wanapotaka, hata kwenye gari la baba yenu, hamwezi kujua nani atawahitaji.