Kipisi cha Mfukoni mwa Marehemu

Alois, fundi cherehani wa Kihonda, alikuwa nadhifu kupita kiasi, ila mdomo. Suruali imenyooka kwa pasi, kola nyeupe, viatu vinang'aa. Halafu akufungulie kinywa kukusalimia, utamani salamu uipokelee ng'ambo ya barabara. Meno yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimeiva njano. Chini ya cherehani aliweka kopo la kutemea. Makohozi na majivu humo ndani yalikuwa yameshikana uji, na wateja walijifunza kutotazama chini. Waliochukua magauni ya kipaimara kwake waliyafua kwanza ndipo watoto wakavaa.

Aliwahi kuacha sigara mara tatu, kila mara kwa ajili ya mtu mwingine. Daktari alimtisha, akavumilia siku tisa. Akamwekea padri nadhiri ya Kwaresima, nayo haikuiona Jumapili ya Matawi. Mwisho mkewe Judith alihamishia godoro chumba cha binti yao. "Baba Diana," alimwambia, "mimi niliolewa nilale na mtu, sikuolewa nilale na jalala." Hiyo ya Judith haikufika hata jioni. Ukweli ni kwamba Alois hakutaka kuacha. Alichotaka ni watu waache kumsema.

Kisha Kondo akafa kule Mlali, kwa kifua. Kondo alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, na ndiye aliyemfundisha kuvuta. Alois alivuta njia nzima ya kwenda kumzika.

Siku ya kuanua tanga akaingia Mwamvita, mtani wa ukoo wao. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu: atavaa nguo za marehemu, atamwigiza mbele ya mjane, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Mwamvita akavaa koti la Kondo, akawasha sigara, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Kondo chenyewe, kile kinachoanzia tumboni, kinapanda kikizoa vitu njiani na kukwama kooni. Akashika kiuno, akafumba macho, akatema. Kisha akainama kukagua alichokitema, kama Kondo alivyokuwa akikagua kila siku ya Mungu.

Watu wakavunjika mbavu. Mjane mwenyewe alicheka huku akifuta machozi. Aliyecheka kuliko wote ni Alois, mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nacho kikakataa kukoma. Kilianzia tumboni. Kikapanda, kikakwama. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Mwamvita akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akapaza sauti: "Jamani nipisheni mie! Marehemu mwenyewe kafika!"

Wakaangua kicheko upya. Alois naye akajichekesha, afanyeje, mtani hakasirikiwi. Lakini lile pande lililokuwa mdomoni hakupata pa kulitemea, macho yote yakiwa kwake. Akalimeza. Likateremka polepole, zito, lina chumvi, na mwili ukamsisimka kwa kinyaa.

Akajiondoa, akazunguka nyuma ya jiko avute moja atulie. Pakiti ilikuwa tupu. Mwenye duka naye alikuwa uwanjani, anacheka na wenzake. Pale mlangoni mwa jiko, kwenye msumari, Mwamvita alikuwa ametundika koti akaenda kuongeza wali. Alois akatazama huku na huku, akatia mkono mfukoni mwa marehemu.

Kilikuwemo kipisi. Mwamvita alikizima akakiweka kwa ajili ya duru ya pili. Kichungi kimelowa mate, na punje ya wali imeganda pembeni. Huyu ndiye Alois asiyefutia uso taulo la mwenziwe! Akaipangusa punje kwa dole gumba, akakiwashia kwenye kaa la jikoni. Akavuta pafu la kwanza na la pili, mdomo ukajaa mate ya baridi ya mtu mwingine. Alijua ni mate. Alijua ni ya nani. Akavuta la tatu.

"Mtani, hicho si nilikitoa mdomoni mwangu?"

Mwamvita alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, alifuata koti. Alois akasubiri apige yowe, aite watu, maana hakuna mtani anayeokota kituko kama hicho akakiacha. Mwamvita akashusha sauti.

"Kitupe. Hili mie siliigizi."

"Mbona yote unaigiza?"

"Yote, naam. Siku yako nitavaa futi yako shingoni nitakohoa weee, watu watacheka. Ila hili nikiwaonyesha watacheka nini, Alois?"

Alimwita jina. Tangu wajuane hakuwahi kumwita jina.

Alois akakitupa kipisi, akashika ukuta wa jiko, akatapika mpaka nyongo. Alijinusa mkono akatapika tena. Hakuna aliyemwapisha siku hiyo, wala yeye hakujiapiza. Alijichukia ulimi, basi.

Ni mwaka wa pili sasa hajavuta. Kwenye misiba na harusi watu humuuliza kilichomwachisha, naye hujibu kwamba ni kifua, wakamwamini. Mwamvita, ambaye hakuna la Mlali wala la Kihonda lisilopita mdomoni mwake, huwa amekaa hapohapo anasikia, na hasemi neno.