Faridah Atoka Eda

Mwambie Faridah akae, utakuwa umemtukana. Mtoto wa Mombasa, miaka mingi Queensbury huko Uingereza, na katika yote hiyo hajapata kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Kwa hiyo alipofiwa na mumewe, Zein, akatakiwa kukaa eda miezi minne na siku kumi, asitoke ila kwa dharura, asijitie wanja wala manukato, jamani, ilikuwa ni kumtia paka guniani.

Si kwamba aliikataa. Dini ni dini, na Zein alikuwa mume wa kukaliwa eda. Lakini miguu haisikii mawaidha. Kabla ya msiba, kila Jumapili wawili hao walipanda treni mpaka Chesham, kisha wakalifuata bonde la mto Chess kwa miguu hadi Rickmansworth, mahamri kwenye mfuko. Sasa Jumapili ikifika, ni jikoni hadi ukumbini, ukumbini hadi jikoni, mpaka zulia likachakaa.

Akajiaminisha jambo moja: kinachomuumiza ni kuta. Siku atakapolikanyaga tena tope la bonde lile, moyo utatulia. Aliingoja siku hiyo, tena aliingoja kwa hasira.

Rafiki yake Dinah, muuguzi, Mkristo wa Nyeri, alimwonea huruma. Kwao msiba ni watu: nyumba hujaa, nyimbo huimbwa, mfiwa hutolewa nje apigwe na upepo. Akaja asubuhi moja na buti mpya ndani ya boksi.

"Twende, dada. Huko hakuna wanaume, ni kondoo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Kwani kondoo watakusema kwa mama mkwe wako?"

Faridah akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaona haya kwa kucheka. Hakutoka, ila buti alizipokea. Dinah alipoondoka akazivaa, akazunguka nazo sebuleni mpaka Mzee Kanti wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio.

Eda ikaisha. Akaoga, akajifukiza udi, wanawake wenziwe wa Pwani wakamsomea dua. Jumapili iliyofuata alikuwa amesimama mlangoni kabla Dinah hajapiga kengele.

Bondeni alikwenda kama aliyefukuzwa na nyuki. Mto ulikuwa mwangavu, ng'ombe wamelala nyasini, na hakuna alichokitazama.

"We Faridah, mto hauhami," Dinah alisema kwa nyuma, akihema.

Hakupunguza mwendo. Alikuwa akiungoja ule utulivu, na utulivu hauji. Labda baada ya daraja. Daraja likapita. Labda baada ya kilima. Kilima nacho kikapita, na hofu ikaanza kumpanda. Kama si kuta, basi ni nini?

Wakafika kwenye kilango cha malisho, cha chuma, kile kinachojifunga chenyewe. Faridah akapita, akakishika kisirudi. Dinah naye akapita, akaenda hatua chache, akageuka. Faridah alikuwa bado amekishika, anatazama njia waliyotoka.

"Tumepita sote," Dinah alisema.

"Zein hutembea polepole," Faridah akajibu. "Kila kilango mimi humshikia. Na kila kilango humgombeza. Haraka bwana, treni itatuacha."

Njia ilikuwa tupu mpaka kule kwenye miti. Dinah akarudi, akauweka mkono wake kwenye chuma kando ya mkono wa mwenzake. Hapo Faridah akalia, akalia kwa sauti, katikati ya malisho ya watu. Miguu yake ilikuwa imetulia kabisa.

Kule mitini wakatokea mume na mke wazee, Waingereza, wako matembezini na mbwa wao. Wakadhani wanashikiwa wao. Wakashukuru kwa adabu, wakapita, yule bwana akiwa nyuma. Faridah akawaitikia, na kilango hakukiachia.