Kengele Niliyoiziba

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyoziba kengele ya mbwa wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa shati jeupe la kuazima na viatu vya kunibana, tunakwenda Ntobeye kuposa. Tulipofika kwenye kijito cha mwisho kabla ya nyumbani kwa wakwe, nilichuma jani bichi la mgomba, nikalipasua, nikalikunja na kulisokomeza ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukakwama. Kisha nikamwambia mbwa, "Leo nyamaza." Mwanangu, nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, na mengine mke wangu anayajua kuliko mimi, lakini hilo ndilo ninalolionea aibu mpaka leo.

Nakueleza haya kwa sababu ya juzi. Tulikuwa stendi, Ngara mjini, mimi na wewe tunasubiri gari la Biharamulo. Vijana wa bodaboda mliosoma nao wakaanza kukuita kwa jina lako, na mara nikasikia ka, ka, ka, ka. Macho sina, lakini masikio ninayo mazima. Ulikuwa unaikunja fimbo yako nyeupe ya wasioona, ile mama yako aliyohangaika kuipata, ukaisukuma ndani ya begi. Haikupita dakika tano pikipiki ikakupita karibu sana, hata mimi upepo wake niliusikia, na dereva akakufokea, "We, huoni?" Ukacheka. Nilinyamaza, maana si vizuri kumsema mtu mbele ya wenzake. Sasa tuko wawili, kaa nikueleze.

Mimi macho yaliniacha nikiwa na miaka kumi na saba. Presha ya macho, walisema hospitali, na walisema tumechelewa. Miaka miwili nilikaa uani kwetu Nyamiaga, napukuchua mahindi na kusokota kamba za katani. Nikitaka chooni, naita mtu. Nikitaka kwenda misa, nasubiri mpaka mmoja wao amalize shughuli zake. Sitawasingizia ndugu zangu, walinipenda na chakula sikunyimwa. Lakini sikuwahi kwenda mahali kwa sababu mimi nimetaka kwenda, na kijana wa umri ule hilo linamla moyo.

Baba mdogo alikuwa na mbwa wa kuwindia nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mihogo yetu. Alimwita Watasema, kwa kuwa siku aliyomleta alijua majirani watasema, na kweli wakasema. Mbwa wa kuwinda kwetu alivaa kengele ndogo ya chuma shingoni, ili mwindaji ajue yuko wapi kichakani. Wakiwa wananyemelea waliijaza majani isilie, wakishamfikia mnyama wanayatoa. Sasa nguruwe mmoja akampasua Watasema paja, akabaki anachechemea, uwindaji ukamshinda. Basi tukawa wawili uani, yeye na mguu wake, mimi na macho yangu.

Hakuna aliyemfundisha kuongoza mtu. Nasikia ziko nchi ambako mbwa wanasomeshwa kabisa kazi hiyo, na wakihitimu wanakabidhiwa mtu. Mimi na Watasema tulifundishana. Alianza kwa kunitangulia njia ya chooni, nami nikawa nafuata kengele. Nikagundua kwamba ikilia taratibu njia ni nzuri, ikilia haraka anateremka, na ikinyamaza kuna kitu mbele, labda mfereji, labda ng'ombe, labda baiskeli ya mtu imelazwa njiani. Ikinyamaza nasimama, napapasa kwa mkongojo mpaka nakijua kilichopo, ndipo namwambia, "Twende." Usidhani ilikuwa rahisi. Nilianguka, nilipotelea katika mashamba ya watu, siku moja niliingia zizini kwa mbuzi na kushindwa kutoka. Kila nilipoanguka alirudi kusimama miguuni pangu mpaka niinuke. Baada ya miezi mingi tukapanda wenyewe hadi sokoni Ngara, nikatandaza kamba zangu chini na kuuza. Nililia siku hiyo, mbele ya watu wote, na sikujali.

Hapo sokoni ndipo nilipompata Adela. Alikuwa akileta maharage kutoka kwao Ntobeye, na kila siku ya soko alikaa karibu na kamba zangu. Hakunisalimia mimi kwanza, alimsalimia mbwa. "Watasema, umemleta?" Ndivyo alivyosema kila mara, halafu ndipo ananigeukia mimi na kuniambia habari za asubuhi. Tukazoeana, tukapendana, na baba mdogo akakubali kunitafutia mshenga.

Lakini soko hilohilo lilikuwa na vijana wenzangu. "Jamani, tazameni mbwa anavyomchunga mtu!" Wengine walibweka nikipita. Unajua mwenyewe kwetu mbwa ni wa kulala nje, na ukimwita mtu mbwa umemtukana vibaya. Matusi ya kwangu mimi niliyavumilia. Nilipofikiria ukweni ndipo nguvu ziliponiishia. Niliwaza wazee wa Ntobeye wameketi kwa heshima zao, pombe ya ndizi iko tayari, halafu mkwe anaingia nyuma ya mbwa kilema, kengele inalia. Nikaona nitamkosa Adela kwa ajili ya kengele ile.

Kwa hiyo pale kijitoni nikaiziba. Nikamwambia baba mdogo na mshenga watangulie, mimi nitafuata mlio wa viatu vyao.

"Na mbwa?" baba mdogo akauliza.

"Atabaki hapa. Akitufuata, angalau hatasikika."

"Venansi, una hakika?"

Nikasema nina hakika. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Watasema hakubaki. Miaka yote ile alikuwa ametembea mbele yangu, sasa utamwambiaje atembee nyuma? Akanipita kimya, nami sikujua. Nilipofika kwenye ua nilisikia baba mdogo anaamkiana na wazee, nikanyoosha mgongo, nikaongeza mwendo ili nionekane mtu wa kawaida. Mguu ukamgonga mbwa. Alikuwa amesimama kunizuia, kama alivyofanya siku zote, ila siku hiyo sikuwa nimesikia anaposimama. Nami badala ya kujiuliza kwa nini amesimama, nilimpiga teke la ubavu na kumwambia kwa sauti ya chini, "Nitokee hapa, unaniaibisha." Nikapiga hatua.

Lilikuwa shimo la kuivishia ndizi. Walikuwa wameshatoa ndizi za pombe yetu na hawajalifukia, maana lilikuwa bado na kazi, na baba mdogo alikuwa amelipita pembeni, akili yake yote iko kwenye salamu. Nilizama hadi kifuani, majivu na majani yaliyooza yakanijaa mdomoni, shati la watu likapasuka. Watasema akabweka ukingoni bila kukoma. Watu wakaja mbio, wengine wakacheka kabla hawajajizuia. Nilimsikia Adela akisema, "Yesu wangu," kisha sikumsikia tena.

Aliyenishika mkono na kunitoa alikuwa bibi yake Adela, Bibi Anastazia, mwanamke mwenye viganja vigumu vya jembe. Alinikalisha chini, akanifuta uso kwa khanga yake.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba. Huyu ndiye Watasema?"

"Ndiye."

Nikamsikia akiinama kwa mbwa. Akavuta kitu, akavuta tena, kisha akaniwekea mkononi jani la mgomba, limelowa na kukunjamana.

"Nani ameziba?"

"Mimi, bibi."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi akasema nami kwa Kihangaza chetu, polepole, na sijasahau. "Mjukuu wetu ametueleza habari zako zote. Tulijua unakuja na mbwa. Maji yake nimeyaweka pale mlangoni. Tangu asubuhi tumetega masikio, nikawaambia wanaume, kengele ikisikika tu kule kilimani lifunikeni hilo shimo. Mbao zenyewe zimeegemezwa pale ukutani. Wakaingia wazee wako peke yao, tukajua wewe bado uko mbali. Umejificha, baba, na sisi tukashindwa kukusaidia."

Nilitaka shimo linirudishe ndani.

"Tena nimekuona ukimpiga teke," akaendelea. "Amekuleta njia yote kutoka Nyamiaga, umefika mlangoni kwangu umempiga teke. Adela naye atakushika mkono mbele za watu mpaka mzeeke. Siku ukiona haya kwa rafiki zako, na yeye utampiga?"

Baba mdogo alijaribu kuniombea, bibi akamkatiza kwa adabu. Akasema turudi nyumbani salama. Akasema nikimtaka Adela nije tena, safari hii bila mzee wala mshenga, mimi na mbwa wangu tu. "Nikikusikia tangu kilimani, nitawaita wazee wako tuzungumze. Nisipokusikia, usije."

Mwanangu, unajua kilichonivunja? Safari ya kurudi. Nilitoa mabaki yote ya jani, nikasema moyoni kwamba leo mbwa huyu hatanitazama. Akatangulia. Anachechemea, ubavu unamuuma, na kila penye mfereji anasimama kunisubiri. Nilitembea nalia njia nzima, baba mdogo akajifanya hasikii. Siku nne nilimkanda kwa maji ya moto, nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu, mpaka dada zangu wakaulizana kama nimechanganyikiwa.

Mama akasema wasichana wako wengi hapa karibu, Ntobeye ni mbali, kuna mito na vilima, nitakufa njiani. Nilimwambia, "Mama, nitakwenda." Akalia, nikamwambia tena nitakwenda. Sikuwa nashindana naye. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuogopa kuonekana.

Siku ya soko iliyofuata sikupita pembeni kama nilivyozoea. Nilipita katikati, kengele inalia. Wale vijana wakaanza kubweka, nami nikasimama mbele yao. Nikasema, "Mnaisikia hiyo kengele? Ndiyo mimi huyo. Mkiisikia, nipisheni." Halafu nikasikia mtu anasogeza baiskeli yake, na mwingine anavuta gunia. Sikutegemea. Kumbe muda wote ule hakuna aliyekuwa amewaambia wafanye nini.

Ubavu wake ulipopona tuliondoka Nyamiaga asubuhi mapema. Njia ilikuwa imenyeshewa, miteremko inateleza, nilianguka mara nne na suruali nikaichana gotini. Kwenye mto mmoja kengele ilinyamaza kwa muda mrefu mpaka nikakata tamaa, kumbe alikuwa anatafuta pa kuvukia palipo na mawe. Juu ya kilima cha Ntobeye Watasema akalala chini, mguu umegoma. Nilikaa naye, nikampa kiazi nilichobeba, na sikumharakisha. Nilisema moyoni, tukifika jioni tutafika jioni. Baadaye akainuka mwenyewe, akajikung'uta mwili mzima, na kengele ikalia mlio mkubwa ambao sijapata kuusikia tena.

Tukashuka. Nilipokaribia ua nikasikia ubao unaburuzwa chini. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Walikuwa wanaume wa nyumba ile, wanafunika shimo kwa mbao, wameisikia kengele. Nilisimama palepale. Nikasikia sauti ya bibi mlangoni, hata salamu yangu hakuisubiri.

"Watasema, umemleta?" akasema. "Haya, mpeni maji kwanza mbwa."

Adela yuko hapo jikoni, muulize kama nadanganya. Watasema aliishi nasi miaka minne, akafa kwa uzee, nikamzika mwenyewe nyuma ya nyumba kwa mikono yangu. Nimepata mbwa wengine baada yake na nimewapenda, ila sikupata mwingine kama yeye. Kengele yake ndiyo hii niliyoifunga kwenye mkongojo wangu, ile inayokuchekesha.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Fimbo yako si aibu ya kuficha. Inakuonyesha njia, ndiyo, lakini pia inawaambia wenzako kwamba unakuja, ili kila mtu alete mbao zake. Yule dereva wa bodaboda huenda ni mtu mwema. Hukumwambia, angejuaje? Watakaocheka watacheka, mimi nimechekwa na nimezeeka vizuri tu. Na chochote kinachokuongoza, kiwe fimbo, kiwe mbwa, kiwe mkono wa mama yako, kipe heshima hadharani palepale unapoona haya. Kikisimama, nawe simama, ujiulize kuna nini mbele.

Mungu akutangulie katika njia zako zote, mwanangu. Akupe miguu isiyochoka na moyo usiojificha, akuzungushie watu wenye masikio, na kila penye shimo akukute umesimama.

Haya, itoe hiyo fimbo kwenye begi. Ikunjue, nisikie.