Mtu Aliyeishusha Pikapu Yake

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, nikiwa nimeinama kuchagua viazi. Mama anayeniuzia alisema bila kunitazama, "Mwalimu, hujasikia? Yule wa pikapu ya kutambaa ameondoka." Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi, kwa kuwa wiki iliyotangulia nilimwona akipita na mbao. "Amefariki, Mwalimu. Kaanguka uani kwake asubuhi, wanasema ni kiharusi. Mpaka majirani wanafika, tayari." Halafu akaongeza, "Sasa tutamcheka nani hapa mjini?" Nilirudisha viazi kwenye fungu, nikashika njia ya mtaa wetu wa Nsemulwa kwenda msibani, na njia nzima nilikuwa na uchungu uliochanganyika na hasira. Mtu ameishi nasi miaka, amefanya jambo ambalo hakuna mwingine kati yetu aliyethubutu kulifanya, na jina tulilompa ni la mzaha. Wasomaji wangu, leo mnivumilie nieleze habari zake, maana huko matangani hazikuelezwa sawasawa.

Hakuwa malaika. Alikuwa jirani yangu, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, mbishi, mwepesi wa kufoka, na akikushinda kwa hoja alikukumbusha mwaka mzima. Alihamia huku na ndugu zake wakifuata malisho, kisha akauza ng'ombe wa fungu lake akanunua pikapu iliyokwishatumika, ikaletwa hapa Mpanda kwa treni ya mizigo. Ndugu zake walimnunia kwa kubadilisha mifugo na chuma. Mwanzoni aliifanyia pikapu hiyo kile ambacho kila mwenye gari huku hukifanya: aliipandisha. Barabara zetu mnazijua. Masika malori yanachimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha tuta katikati, kiangazi lile tuta linakauka likawa gumu kama tofali. Dawa yetu ni moja tu, kuongeza vyuma vya springi nyuma na kukaza mbele mpaka gari lisimame juu kama mbuni. Kadiri gari lilivyo juu, ndivyo mwenyewe anavyoheshimiwa.

Mkewe alikuwa akiuza samaki wakavu kutoka ziwani, na siku za mnada alisafiri na mumewe juu ya mzigo. Siku moja, akishuka kutoka kwenye bodi la pikapu, mguu ulikosa gurudumu akaanguka chini, nyonga ikavunjika. Alipona kwa namna ya kupona, lakini tangu hapo alitembea kwa gongo na mguu wa kulia haukuinuka tena kuzidi goti. Mumewe alichomelea ngazi ya chuma. Vidato vyake vilikuwa juu mno kwa mguu ule, na isitoshe kisiki kiliing'oa kabla ya mwezi kwisha. Basi akaanza kumbeba mikononi na kumketisha mbele kwa dereva, mnadani, watu wote wakitazama. Mama yule alivumilia kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi si gunia. Kama siwezi kupanda kwa miguu yangu, nitakaa nyumbani." Akakaa nyumbani kweli. Biashara yake ikafa, na mumewe, ambaye hakuzoea kushindwa, akaenda gereji.

Nilikuwepo siku alipomweleza fundi haja yake, kwa kuwa baiskeli yangu ilikuwa ikichomelewa hapohapo. Fundi alidhani amesikia vibaya.

"Kupandisha au kushusha?"

"Kushusha. Masikio yako yana nini?"

"Mzee, kwa barabara hizi? Utalima na tumbo la gari kuanzia hapa mpaka Mishamo."

"Nimekuuliza barabara? Shusha. Ila mzigo ibebe vilevile."

Waliokuwepo waliangua kicheko, na nadhani kicheko kile hakijaisha hadi leo. Fundi alifanya lililo rahisi: akatoa baadhi ya vyuma vya springi. Pikapu ikashuka, lakini ikawa legelege. Safari ya kwanza ilipakiwa mahindi, matairi yakagusa madigadi, na alirudi mjini raba ikinuka moshi. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alirudi gereji akifoka, wakabishana kutwa, na katika ubishi ule ndipo njia ilipopatikana. Vyuma vyote vya springi vikarudishwa, ili nguvu ya kubeba isipungue. Lakini ekseli ya nyuma, iliyokuwa chini ya springi, ikahamishiwa juu yake, gari likashuka bila kudhoofika. Pale ekseli ilipokaribia fremu, fremu ikakatwa kidogo na kuongezewa bamba nene la chuma. Mbele walilegeza nati za vile vyuma virefu vinavyojinyonga badala ya springi. Wakatafuta shokapu fupi, wakakata raba za tairi la lori kuzuia chuma kugonga chuma, wakainua ekzosi, wakafunika tumbo la injini kwa bamba. Mwishowe alipakia magunia moja moja, akachungulia madigadi, na yalipobaki na nafasi ya kiganja akachora mstari mwekundu ubavuni kuonyesha mzigo unapokoma.

Siku ya kwanza mama alitoka ndani na gongo lake, akaizunguka pikapu, akafungua mlango, akakaa kwanza, ndipo akaingiza miguu. Mumewe alikuwa akisonya na kuwafokea kuku, na mimi nikatazama pembeni, maana niliona machozi machoni mwake.

Kuanzia hapo wakatokea watu ambao sikujua kwamba tunao. Wazee waliokuwa wakikaa majumbani, mama wajawazito, kiwete mmoja mshona viatu, bibi mmoja kutoka kijiji cha Kakese aliyekuwa hajafika mjini kwa sababu tu hapandishiki. Wote wakawa abiria wake. Lakini wafanyabiashara walimkimbia. Walitaka kujaza mpaka juu ya paa, naye akiwaonyesha ule mstari mwekundu walisema ana kichaa. Na kila alipokwama kwenye tuta, wenye magari ya juu walipita kando wakipiga honi na kucheka. Alikuwa amegundua shida ambayo fundi hakuweza kuitatua kwa spana: pikapu yake ilikuwa sawa kwa watu, ila barabara haikuwa sawa kwake. Alikwenda kwa kiongozi wa kijiji kimoja njiani kwenda Kakese, akaomba watu waitwe kusawazisha sehemu moja mbaya zaidi, penye mawe katikati. Akajibiwa, "Barabara ina wenyewe, mzee." Akauliza wenyewe ni kina nani. Akaambiwa aende akaulize mjini. Mjini akaambiwa aandike barua. Aliandika. Mnajua yaliyobaki.

Masika yaliyofuata nilisafiri naye kupeleka mabati ya shule Kakese. Tulipomaliza kushusha, wanawake walikuja mbio: kuna mzazi yuko taabani tangu jana, mtoto hatoki. Palikuwa na lori la tumbaku karibu na pale, na wanaume walikuwa wamejaribu kumpandisha. Mama yule aliponyanyuliwa kuelekea lile bodi alipiga ukelele ambao sijausahau, wakamrudisha chini. Jirani yangu alirudisha pikapu nyuma hadi mlangoni, akafungua mlango wa bodi, na wanawake wakasukuma kitanda kikaingia bila kukiinua zaidi ya magoti. Mume wa mzazi akaingia naye, akamshika kichwa. Tukaondoka. Kwa mara ya kwanza nikafikiri: sasa watanyamaza.

Tulikwama palepale penye mawe. Maji yalikuwa yamechimba mifereji zaidi, tumbo la gari likalala juu ya tuta, magurudumu yakazunguka bure. Tulisukuma, tukachimba kwa mikono, tukaweka matawi. Lile lori likatufikia kwa nyuma, dereva wake akatoa kichwa dirishani: "Si mliambiwa? Gari la kushusha ni la lami!" Jirani yangu hakumfokea. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope akikwangua kwa sepetu, huku akisema, Kiswahili kikichanganyika na Kisukuma, "Ngoja kidogo, mama. Ngoja kidogo, mayo." Tulitoka, lakini tulikuwa tumechelewa. Mama aliokolewa hospitali. Mtoto hakuwahi kulia.

Mji ulipata la kusema. Kipikapu cha kutambaa kimeua. Hakuna aliyelitaja tuta. Hakuna aliyetaja barua. Hata msikitini na kanisani watu walilizungumza kana kwamba mtoto yule aliuawa na springi. Niliwauliza baadhi yao: kama pikapu ingekuwa juu, mzazi angeingiaje? Wakanitazama kama mtu anayeharibu hadithi nzuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye miguu mizima hajui urefu wa gari.

Fundi mwenyewe alimfuata nyumbani, kwa upole, akamwambia, "Mzee, yameshatokea. Tuipandishe tu, watu watasahau." Nilikuwa nimekaa naye uani. Akamwambia bila kufoka, "Nikiipandisha, tuta litabaki. Na yule mama wa kesho atabaki." Akaingia ndani akatoka na sururu na jembe, akavitupa nyuma ya pikapu.

Alianza kuchimba peke yake, akipasua mawe ya lile tuta na kujazia mifereji. Watu walipita kwa baiskeli wakimpa pole ya kejeli. Mchana, nilivyosimuliwa na mkewe aliyekuwa ameketi garini, alitokea mwanamume mmoja na jembe begani. Alikuwa baba wa yule mtoto. Mke wa jirani yangu alishtuka, akadhani amekuja kulipiza. Yule mwanamume akasimama, akatazama tuta, akauliza, "Naanzia wapi?" Jirani yangu akamwonyesha. Walilima mpaka jua likapungua, na walipomaliza wakapeana mikono kama watu waliozika pamoja.

Ningependa niishie hapo. Lakini mvua zilizofuata malori ya tumbaku yaliyarudisha makorongo yale yote, na akachimba tena. Akafanya hivyo kila masika mpaka alipokufa, yeye na yule baba, na mara chache mimi. Kijiji hakikuwahi kuitwa. Barua haikuwahi kujibiwa.

Juzi matangani, kaka zake na wanawe walikaa kugawa kazi. Mwanawe mkubwa, kijana mwenye akili na anayejua biashara, alisema pikapu itapelekwa gereji mara moja. "Tunaipandisha. Ikiwa chini hivi haitulishi." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mjane, aliyekuwa amelala kwenye mkeka upande wa wanawake, akajiinua kwa kiwiko. "Pandisheni," akasema. "Gari ni lenu. Nyie mna miguu." Akalala tena akageukia ukutani. Leo asubuhi nimeiona pikapu ikipita stendi, imesimama juu ya matairi yake kama ngazi, imejaa magunia hadi angani, ule mstari mwekundu umefutwa kwa rangi mpya.

Simlaumu kijana. Ana ndugu wa kulisha, na amefanya kile ambacho sote tunafanya. Ninachokilaumu ni mazoea haya yetu ya kujiinua kila tunapokutana na shimo, badala ya kulifukia. Shule ikikosa walimu, mwenye uwezo anampeleka mwanawe mbali. Zahanati ikikosa dawa, mwenye ndugu mjini anaagiza. Kila mmoja anapandisha gari lake, na shimo linabaki kwa wasioweza kupanda. Mtu yule mgomvi, aliyefokea kuku na mafundi, alitufundisha kwa jasho kwamba ukikishusha kitu ili mnyonge akifikie, umejitwika na kazi ya kuitengeneza njia kitakapopita. Alijitwika. Tulichotakiwa kumsaidia ni kulima tu, na majembe tunayo.