Bwana Miche Hajui Kukaa

Msimamizi wetu kitaluni, tunayemwita Bwana Miche, hajui kukaa. Hata chai huinywa akitembea, kidole kikipapasa udongo kwenye viriba vya miche. Miti tuliyopanda kuunganisha vipande viwili vya msitu, ili kima waliobaki wachache wavuke, huizungukia kama anayeuguza mtoto. Jana alikuta majani mabichi yametapakaa chini ya miti hiyo, akanyakua fimbo.

"Mbuzi wa nani hawa? Leo watanitambua!"

"Mbuzi gani anapanda mti, mzee?" nikamwonyesha juu. Kima jike, mwana kifuani, alikuwa akitafuna majani ya miti yetu. Fimbo ikamponyoka. Hapohapo mwanangu mchanga, niliyembeba mgongoni, akaanza kulia.

"Dada, mpe ziwa haraka," Bwana Miche akaninong'oneza, "kima asije akarudi alikotoka."

Nikaketi kunyonyesha. Naye akaketi kando yangu, ila magoti yakawa yanamcheza kama anayetaka kuinuka.