Baba Ndani ya Gazeti la Nyama

Mwaka wa 1976 nilifungua nyama niliyonunua Nyeri mjini, nikamkuta baba yangu.

Usicheke. Mwenye bucha aliifunga kwa gazeti kuukuu, na humo mlikuwa na picha. Mateka wa vita vya msituni wamekaa chini, askari wa mkoloni wamevaa makoti wamesimama nyuma, mlima kwa mbali. Chini yake: "Kianyaga, 1954."

Mateka mmoja alikuwa na ndewe ya sikio iliyokatika vipande viwili.

Baba alichukuliwa na askari nikiwa mgongoni mwa Mama, hakurudi. Hakuacha picha wala kaburi, ila hadithi ya hiyo ndewe. Mama naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilibaki peke yangu Wamagana, karibu na Nyeri, mwalimu wa shule ya msingi, nikipika kwa sufuria ndogo na bado chakula kinabaki.

Nikaipeleka ile picha kwa Tata Wacera, dadake Baba.

"Huyu sio ndugu yangu," akasema. "Yake ilikatika sikio ya kushoto. Hii ni ya kulia."

"Tata, angalia tena."

"Nimeangalia. Wacha kufukua wafu, Kagure."

Sikusikia la mtu. Nikafunga safari hadi Kianyaga, nikaonyesha watu picha sokoni.

"Hii mlima sio yetu," mama mmoja muuza viazi akaniambia. "Huku haikai hivi. Pole, mwalimu."

Sikio si lake, mlima si wao. Nilirudi nyumbani nikalia, maana nilikuwa nimeshaanza kumwita Baba.

Hata hivyo sikuweza kuitupa. Gazeti lilipoanza kuchanika, nililipeleka kwa Dishon, mpiga picha wa mjini, anitolee kopi.

Dishon akainama juu yake, kisha akaangua kicheko.

"Mwalimu, hawa askari wote wamefunga vifungo kama wanawake?"

"Ati nini?"

"Angalia makoti. Koti la kiume vifungo hukaa kulia, haya viko kushoto. Aliyesafisha hii picha aliweka negativu ya filamu kinyume. Kushoto imekuwa kulia. Ngoja."

Akachukua kioo ambacho wateja hujitazamia wakichana nywele, akakisimamisha kando ya picha.

Ndani ya kioo, ndewe ikahamia sikio la kushoto.

Kisha nikauona mlima, na vilima viwili mbele yake. Nilivijua. Nilivitazama kila asubuhi nikigonga kengele ya shule.

Kumbe hata jina la mahali lilikuwa uongo. Mtu fulani alibandika Kianyaga, basi ikawa Kianyaga.

Jumatatu niliwahi shuleni kabla ya watoto. Nikazunguka uwanja na kioo na gazeti langu, nikitafuta pale ambapo mlima ungekaa sawasawa kati ya vile vilima. Mtu angeniona angesema mwalimu amerukwa na akili.

Ulikaa sawa kwenye kona ya ua, upande wa barabara.

Pale ndipo Mama alipokuwa akisimama kila jioni tangu nianze kazi hadi alipofariki. Nilidhani ananingoja twende nyumbani pamoja. Hata nilikuwa namtania.

"Maitũ, mama yangu, mimi si mtoto tena."

Alikuwa akitabasamu tu. "Tangulia, nakuja." Kumbe aliyekuwa akimngoja si mimi, ni Baba, pale pale alipokalishwa chini.

Ndugu yangu unayesoma, maneno yaliyo chini ya picha ni neno la mtu tu. Uliza vifungo, uliza mlima. Lakini kwanza kabisa muulize mama yako, akiwa bado yuko.