Gundi na Kibanio Chake

Jina lake la kweli walilijua mkewe na karani wa mishahara. Sisi wengine pale maktaba ya chuo kikuu tulimwita Gundi, kwa kuwa vidole vyake vilinata hata akikupa mkono wa pole. Alijalidi vitabu kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa mlinzi wa mlango, na shule yangu yote niliipata kwenye vitabu alivyovifufua yeye.

Tasnifu za wanafunzi alizishona kwa uzi, hakuzibandika tu. Na alikuwa na sharti: mshono wa mwisho hushonwa na mwenye kitabu. Wasomi wakubwa wa leo wamekalia kigoda chake, ulimi nje kama watoto wanaojifunza kufunga viatu, naye akiwaambia, "Vuta polepole, mwanangu. Umekiandika miaka minne, usikirarue kwa dakika moja." Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, anaitwa daktari.

Uchumi ulipoanguka, chuo kikaanza kupunguza mizigo. Mizigo ni watu. Orodha ilibandikwa ubaoni Ijumaa mchana, majina sitini na moja, la kwake la kumi na tisa. Magari ya wakubwa hayakupunguzwa hata gurudumu.

Gundi hakulia wala hakulaani. Alimwendea msajili wa chuo, akaomba kitu kimoja: kibanio, ile mashine ya chuma inayobana vitabu vikauke vimenyooka.

"Hiyo ni mali ya chuo, mzee wangu."

"Basi itunzeni. Parafujo yake inataka mafuta kila mwezi."

Waliitunza kwa kuitundikia makoti.

Nyumbani Gundi alibana vitabu kwa ubao na kiti, na mkewe juu ya kiti.

"Kumbe niliolewa niwe jiwe," mama, mkewe, alilalama huku akishona vifungo.

"Tulia, mke wangu, kurasa zinapinda."

"Nilishe basi, niwe mzito!"

Tulicheka, lakini vitabu vilitoka vimepinda, na mkono ule haukuzoea kutoa kazi iliyopinda. Nilimwona akiwarudishia watu vitabu vyao bila kuvigusa. Bila kibanio, ufundi wake ulikuwa unakwisha hivi hivi, na yeye alijua.

Mahafali yakakaribia. Chuo kikapeleka tasnifu kwenye duka moja la mjini, zikabandikwa upesi upesi. Mkuu wa chuo alipofungua moja mbele ya wageni, kurasa zikatoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda. Na kanuni ya chuo, iliyoandikwa kabla wao hawajazaliwa, inasema tasnifu isiyoshonwa haipokelewi. Walimfukuza mshonaji, wakaisahau kanuni. Ndiyo faida ya kuongoza mahali bila kusoma vitabu vyake.

Jumatatu msajili akapiga hodi. Nilikuwepo.

"Mzee, rudi kazini. Mkataba wa miezi mitatu."

"Sirudi. Leteni kibanio hapa, kiwe changu, kwa maandishi. Tasnifu zenu nitazishona zote."

"Nitawaambia nini wakubwa?"

"Waambie mkewe amechoka kukaliwa na vitabu," mama akadakia.

"Wewe ndiye unayevikalia," Gundi akamrekebisha.

Msajili alicheka mpaka akashika ukuta.

Watu wanne, msajili akiwatangulia, walikileta Jumatano, wakihema, pamoja na barua yenye muhuri. Gundi alikitia mafuta kabla hata hajawakaribisha maji. Wale wengine sitini hawakuwa na kanuni ya kumleta msajili mlangoni pao, na hilo silisamehe. Lakini asubuhi ile rafiki yangu alikuwa anapiga mluzi, sikuwa na sababu ya kununa.

Wenzake walipoondoka, msajili alibaki. Akatoa mkobani tasnifu yake mwenyewe, kurasa zimelegea. Ilijalidiwa na mtu mwingine, mwaka Gundi alipokuwa likizo ya ugonjwa.

"Nayo je, inaweza kupona?"

Gundi akaipindua mara mbili, akaguna, akasogeza kigoda kwa mguu.

"Vua koti, mwanangu. Na safari hii usilitundike kwenye kibanio changu."